Kwa Nini Dawa ya Lukemia Sugu Haiachwi Mgonjwa Anapojihisi Mzima

Miongoni mwa saratani za damu, lukemia sugu ya mailoidi ina tabia ya kumhadaa mgonjwa. Miezi michache baada ya kuanza vidonge vya imatinibu, bandama iliyovimba hunywea, hesabu ya seli nyeupe hurejea katika kiwango cha kawaida, na mgonjwa hurudi kazini akiwa na nguvu zake. Hapo ndipo huzuka swali: ya nini kuendelea kumeza dawa kila siku? Jibu limo ndani ya seli.

Kinasi ni vimeng'enya vinavyobandika fosfati kwenye protini nyingine, na kwa njia hiyo huziwasha au kuzizima. Kwa ishara hizo seli hujua wakati wa kugawanyika, wa kutulia na wa kufa. Kifo hicho si ajali. Ni utaratibu wa mwili wa kuziondoa seli zilizochakaa au zenye hitilafu.

Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia, Marekani, waliripoti kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa wa lukemia hii. Mwaka 1973, Janet Rowley alionyesha asili yake: kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande. Mabadilishano hayo huunganisha jeni mbili, BCR na ABL, na kuzaa kinasi isiyozimika. Seli huamriwa kugawanyika mfululizo, na amri ya kufa hupuuzwa.

Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hukalia nafasi ya ATP, molekuli inayoipatia kinasi hiyo fosfati. Ishara hukatika, na seli zilizoitegemea hufa.

Hata hivyo, si zote zinazokufa. Ndani ya uboho hujificha seli shina za lukemia. Nyingi hugawanyika kwa nadra, na uhai wake hautegemei kinasi hiyo pekee, kwa kuwa hupata pia ishara za uhai kutoka kwa uboho wenyewe. Dawa huua watoto, mama akabaki.

Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2010 ulilipima jambo hili. Wagonjwa ambao vipimo havikuona tena dalili ya BCR-ABL kwa zaidi ya miaka 2 waliacha imatinibu. Kati ya 69 waliofuatiliwa kwa angalau miezi 12, ugonjwa ulirudi kwa 42, wengi wao ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Waliporejeshewa dawa, iliwasaidia tena.

Kwa hiyo, wapo wanaoweza kuacha dawa, lakini baada ya miaka ya matibabu, kwa uamuzi wa daktari na kwa vipimo vya mara kwa mara vya BCR-ABL. Anayesumbuliwa na kichefuchefu au kukakamaa kwa misuli amweleze daktari, asiruke vidonge kimyakimya. Kujihisi mzima ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Si ushahidi kwamba kazi imekwisha.