Je, Wajua? Mito, madaraja na kona za Nyanda za Juu Kusini

Je, wajua kuwa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zina mito miwili inayoitwa Songwe, na haikutani hata siku moja? Mmoja unashuka Ziwa Nyasa, na njiani ndio mpaka wetu na Malawi. Mwingine unaelekea upande wa pili, hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea: maji yakishaingia humo, njia yao ya kutoka ni jua.

Je, wajua kuwa Songwe wa mpakani huhama? Mafuriko yakija, mto huacha mkondo wa zamani na kuchonga mwingine, na mkulima akajikuta shamba lake liko ng'ambo. Ndiyo maana Tanzania na Malawi zimeweka mpango wa pamoja wa bonde la mto huo.

Je, wajua kuwa mvua ya milima ya Mbeya ina safari tatu? Inayoangukia upande wa Rukwa haifiki baharini kamwe. Inayoangukia Tukuyu hushuka Ziwa Nyasa, ikapita mto Shire na Zambezi, ikaibukia Msumbiji. Ile ya miteremko inayotazama bonde la Usangu huingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji.

Je, wajua kuwa lipo daraja ambalo hakuna fundi aliyelijenga? Liko Rungwe, juu ya mto Kiwira, na wenyeji wanaliita Daraja la Mungu. Zamani sana volkano ya Rungwe ilimwaga lava iliyofika mtoni, ikapoa na kuwa mwamba mgumu, na maji yakaendelea kupita chini yake. Ukisimama pembeni unaona tao zima la jiwe jeusi, majani mabichi yamening'inia kingoni, na mto unapenya chini kwa kishindo. Mto huohuo una Kijungu, ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, ambako maji huzama kwenye shimo la mwamba yakizunguka kwa nguvu kana kwamba yanachemka. Sijui kwa nini watoto wetu husomeshwa maajabu ya mbali kabla ya haya.

Je, wajua barabara ambayo jina lake ni hesabu ya kona zake? Ni ya kutoka Chimala kupanda Matamba, wilayani Makete: Hamsini na Saba. Unaanza chini kwenye joto la Usangu, penye mashamba ya mpunga, unapanda ukuta wa mlima kona baada ya kona, na juu unahitaji koti. Magari ya viazi hushuka hapohapo yakiwa yamejaa, dereva kaweka gia nzito, utingo anachungulia nyuma. Mbele ya Matamba kuna Kitulo, Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005, yenye zaidi ya aina 40 za okidi. Baadhi ya okidi hizo zilichimbwa kwa wingi ili mizizi yake iuzwe Zambia, inakopikwa kuwa chakula kiitwacho chikanda.

Na mlima Kitonga, Iringa, nao una kona zake, lakini hauhitaji maelezo kwa aliyewahi kuupanda usiku nyuma ya foleni ya malori.

Je, wajua reli ya TAZARA ilipata taabu wapi zaidi? Kati ya Mlimba na Makambako. Reli nzima ina urefu wa kilomita 1,860, lakini mahandaki yake mengi yamesongamana kwenye kipande hicho. Daraja la mto Mpanga lina nguzo zenye urefu wa mita 50 hivi. Wachina zaidi ya 60 walifariki wakati wa ujenzi wa reli hiyo, pamoja na Waafrika waliofanya kazi nao.

Na hili ndilo linaloniumiza. Je, wajua kuwa Ruaha Mkuu, mto wa maji ya Usangu, ulikatika ndani ya Hifadhi ya Ruaha kiangazi cha 1993, na umekatika mara nyingi tangu hapo? Viboko hubanana kwenye vidimbwi vya tope. Huko juu maji yamechepushwa kwenda mashambani, na vyanzo vimelimwa. Mto huo ndio unaolisha mabwawa ya Mtera, megawati 80, na Kidatu, megawati 204, kabla ya kumwaga maji yake Rufiji, mto unaotegemewa na Bwawa la Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wewe unayelima kando ya mto Mbarali, Kimani au Chimala, pima hatua zako leo, na uwaachie maji nafasi yao.