Ralanti ya pikipiki: visi ni ya mwisho

Ndugu mfanyakazi, pikipiki yako ya zamani yenye kabirateri inakufikisha kazini kila siku. Lakini ukiachilia gazi kwenye njia panda, motere inatetemeka, kisha inazimika. Wengi wanafanya nini? Wanashika turnevisi na kukaza visi ya ralanti mpaka motere inalia kwa nguvu. Inaonekana imepona. Haikupona, ugonjwa umefichwa tu. Sasa kwenye mteremko motere haikusaidii tena vizuri kupunguza mwendo, na ukiingiza vitesi ya kwanza pikipiki inaruka mbele. Je, kama mtoto anapita?

Tafuta sababu kwanza, tena tafuta nje.

Usiwashe motere nyumbani ndani, wala jikoni, wala katika garaji iliyofungwa, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Wewe wa chini ya ardhi unajua: baruti ikiisha kulipuka, hakuna anayerudi kabla ya moshi kutolewa. Nyumbani sheria ni ile ile. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu, mtoe nje upesi na mpeleke kwa muganga. Tena, esanse iwe mbali na mbabula na sigara.

Sasa fuata njia hii, motere ikiisha kupata joto.

1. Kable ya gazi. Geuza usukani kushoto na kuume. Sauti ikipanda, kable inavutwa. Ilegeze kidogo, au ipitishe mahali pazuri. Usitoke njiani kabla ya kuitengeneza, maana kwenye kona pikipiki itajiongezea mwendo.

2. Esanse. Kama motere inazimika baada ya mwendo fulani, fungua kifuniko cha tanki. Ikiwaka tena vizuri, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Majira ya mvua, maji pia yanaingia. Acha motere ipoe, toa esanse iliyo chini ya kabirateri, uitie katika chupa ya kioo. Kama kuna maji, utayaona yamekaa chini.

3. Filtri na buji. Vumbi la kiangazi likiziba filtri, hewa inapungua na buji inakuwa nyeusi yenye masizi. Buji nyeupe inaonyesha hewa imezidi. Rangi ya kahawia ni nzuri.

4. Mpira ulio kati ya kabirateri na motere. Ukipasuka, hewa inaingia kwa wizi, na ralanti inapanda na kushuka. Pitisha brashi yenye maji juu yake. Sauti ikibadilika, umepata ufa. Usijaribu kwa esanse: motere ya moto inaweza kuiwasha.

5. Jikleri ya ralanti. Kama motere haizimiki ukivuta starteri, lakini inazimika ukiirudisha, mara nyingi tundu hili dogo limeziba. Lipulize kwa pampu ya kinga. Usilichokoe kwa waya: tundu likipanuka halirudi.

Yote yakiisha, ndipo ushike visi. Pikipiki ndogo nyingi zinataka mizunguko kati ya 1.300 na 1.500 kwa dakika, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Kama ungali huna ralanti nzuri, fundi apime supapu.

Na wewe mama, ukimwona baba anasukuma pikipiki kuingia jikoni ili aitengeneze usiku, mwambie angoje asubuhi. Ni afadhali aende kazini kwa miguu siku moja, kuliko nyumba nzima ilale isiamke.