Korona Haiishii Kwenye Mapafu

Watu wengi wanajua kwamba korona ni ugonjwa wa mapafu. Mgonjwa hukohoa, hupata homa na hupumua kwa shida. Hayo ni kweli. Lakini korona inaweza pia kugusa ubongo na mishipa ya fahamu. Asiyelijua jambo hili anaweza kumwita mgonjwa mvivu. Anaweza hata kudhani kwamba mgonjwa amerogwa. Basi tusome pamoja tulielewe.

Korona, inayoitwa pia UVIKO-19, iliripotiwa kwanza mjini Wuhan, nchini China, mwezi Desemba 2019. Mwezi Machi 2020 ilithibitishwa Kenya na Tanzania. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Dharura imekwisha, lakini virusi havijaisha. Bado vinaambukiza watu.

KAZI YA UBONGO

Ubongo umo ndani ya fuvu la kichwa. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi. Ndio unaoongoza mwili wote. Hutuma habari na kupokea habari kwa njia ya mishipa ya fahamu. Ukikanyaga mwiba, mishipa hiyo hupeleka habari kwenye ubongo. Nawe unasikia maumivu mara moja.

Ubongo ni mdogo, lakini hula sana. Hutumia karibu sehemu moja kwa tano ya hewa ya oksijeni inayotumiwa na mwili mzima. Hewa hiyo hufika kwa njia ya damu. Damu ikizuiwa, hata kwa dakika chache, ubongo huumia.

KORONA HUUDHURUJE UBONGO?

Kwanza, kwa njia ya pua. Juu kabisa ndani ya pua kuna mishipa ya fahamu ya kunusia. Pembeni yake kuna seli zinazoilisha na kuitunza. Virusi vya korona hushambulia zaidi seli hizo za kutunza. Zikiumia, mishipa ya kunusia haifanyi kazi vizuri. Mgonjwa hasikii harufu, na chakula kinakuwa hakina ladha.

Pili, kwa vita vya mwili. Virusi vikiingia, kinga ya mwili hupigana navyo. Vita hivyo vikiwa vikali mno, huweza kuumiza mishipa ya damu na kuuvuruga ubongo, hata kama virusi vyenyewe havikufika huko.

Tatu, kwa damu kuganda. Fikiri juu ya mfereji wa maji shambani. Tope likiziba mfereji, miche ya mbele hukauka. Korona kali huweza kufanya damu igande. Bonge la damu likiziba mshipa wa ubongo, mgonjwa hupata kiharusi.

Nne, kwa kukosa hewa. Mapafu yakishindwa kazi, damu hufika kwenye ubongo bila oksijeni ya kutosha.

DALILI ZA HATARI

Wagonjwa wengi hupata maumivu ya kichwa, kizunguzungu na maumivu ya misuli, kisha hupona. Lakini zipo dalili ambazo hazingoji kesho.

1. Kiharusi. Mwambie mgonjwa atabasamu. Je, uso umepinda upande mmoja? Mwambie ainue mikono yote miwili. Je, mmoja unaanguka? Mwambie aseme sentensi fupi. Je, maneno yanavurugika? Ukiona hata dalili moja, mpeleke hospitali upesi. Kumbuka saa dalili zilipoanza, umweleze daktari. Usimpe chakula wala maji, maana anaweza kupaliwa. Wataalamu wamekadiria kwamba katika kiharusi kikubwa, kila dakika moja huua karibu seli milioni mbili za ubongo.

2. Kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mzee anaweza kusahau yuko wapi, kuona vitu visivyokuwepo au kusinzia mchana kutwa. Kwa wazee hii inaweza kuwa dalili ya kwanza ya korona, hata bila kikohozi. Malaria kali na homa ya uti wa mgongo pia huleta hali hii. Kwa hiyo usibahatishe nyumbani. Mgonjwa lazima apimwe.

3. Miguu kukosa nguvu. Mara chache, kinga ya mwili hukosea adui na kushambulia mishipa ya fahamu. Unyonge huanza miguuni na kupanda juu. Ukifika kifuani, mgonjwa hushindwa kupumua. Huyu naye ni wa hospitali, siku hiyo hiyo.

UCHOVU USIOKWISHA

Wako watu waliopona homa na kikohozi, lakini hawakurudia hali yao ya zamani. Mkulima analima matuta mawili, anachoka siku nzima. Mwalimu anasahau alichotaka kusema. Muuzaji anakosea hesabu ndogo ya chenji. Hali hii huitwa korona ya muda mrefu. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili zake. Miongoni mwake ni uchovu, kupumua kwa shida na akili kuwa nzito. Huonekana miezi mitatu baada ya ugonjwa kuanza, na hudumu kwa muda usiopungua miezi miwili.

Huu si uvivu. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Walitazama picha za ubongo za watu 785 wenye umri wa miaka 51 hadi 81. Kila mtu alipigwa picha mara mbili. Katikati ya picha hizo, watu 401 walipata korona, na wengi wao hawakulazwa. Sehemu za ubongo zinazohusika na kunusa zilipungua kidogo zaidi kwa wale waliougua. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo. Si kwamba kila aliyeugua korona amepungukiwa akili. Lakini inaonyesha kwamba mgonjwa anayelalamika hasemi uongo.

TUFANYE NINI?

Mwenye uchovu apumzike kabla hajachoka sana. Agawe kazi zake kidogo kidogo. Familia impunguzie mizigo mizito. Hali ikiendelea, aende zahanati, maana upungufu wa damu na kisukari pia huchosha.

Aliyepoteza harufu aifundishe pua yake. Anuse waridi, limau, mkaratusi na karafuu, kila kimoja kwa sekunde 10 hadi 20, asubuhi na jioni, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Utaratibu huu ulianzia kwa madaktari wa Ujerumani, nao huwasaidia baadhi ya watu. Karafuu ni zile zile zinazolimwa Unguja na Pemba. Anuse tu, asitie kitu chochote puani. Wakati huo mtu mwingine wa nyumbani amsaidie kutambua moshi, gesi, mafuta ya taa na chakula kilichochacha.

Kinga ni bora kuliko tiba. Chanjo hupunguza ugonjwa mkali na vifo. Ulizia zahanati kama wewe ni mmoja wa wanaopaswa kuchanjwa. Fungua madirisha. Nawa mikono kwa sabuni. Ukikohoa, vaa barakoa na ukae mbali na wazee. Mwenye shinikizo la damu ameze dawa zake kila siku.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma, msomee jirani asiyejua kusoma. Huenda siku moja uso wa mtu wa nyumbani kwake utapinda ghafla. Siku hiyo atajua pa kukimbilia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja dalili tatu za kiharusi.
2. Kwa nini asiyesikia harufu anahitaji msaada nyumbani?
3. Katika kijiji chenu, mgonjwa wa ghafla atafikishwaje hospitali usiku? Nani ana chombo cha usafiri? Kubalianeni leo, kabla ya siku ya shida.