Aliniambia simu "imefunguliwa", nikalipa. Kumbe makufuli ni mawili

Wiki hii inbox imejaa swali moja: "Dada, nasikia kuna mfumo wa bure unafufua simu ya zamani, niweke?" Nitajibu kwa yaliyonikuta mwenyewe, maana hili somo nimelilipia ada. Laki tatu na nusu, taslimu.

Kwa wasionijua, nauza nguo za watoto kupitia WhatsApp na Instagram, stoo ni chumba changu cha nyuma hapa Mbagala. Biashara nzima ilikuwa ndani ya Samsung Galaxy S10 niliyoinunua used. Picha za mzigo, majina ya wateja, nani kalipa nusu, nani anadunduliza, yote humo. Simu yenyewe nzima, kioo hakina hata ufa. Ila Samsung waliishia kuipa Android 12, masasisho ya usalama yakakatika, na imejaa programu za kiwandani ambazo ukizigusa uzifute zinagoma. Asubuhi ukifungua WhatsApp Business unachemsha chai, unakunywa, ndiyo inafunguka. Nikaanza kuwaza simu mpya, hela ambayo ningeongezea mzigo.

Kijana wa jirani yangu, anasomea kompyuta, akaniambia, "Dada usiitupe hiyo, weka LineageOS."

Ngoja nieleze kwa lugha yetu. Android, ule msingi wake, ni programu huria. Google wanauachia msimbo wake hadharani, na yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuubadilisha na kuutumia. Ndiyo maana Samsung, Xiaomi na Tecno kila mmoja ana Android yenye sura yake. Kisicho huria ni vile vinavyopandishwa juu: Play Store, Gmail, Ramani za Google. Kama huioni tofauti, wakumbuke Huawei. Marekani ilipowawekea vikwazo mwaka 2019, simu zao mpya ziliendelea na msingi uleule wa Android lakini bila huduma za Google. Tableti za Amazon Fire nazo zimejengwa juu ya msingi huohuo, ukizifungua hukuti Play Store. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ni mfumo huria", bado hajakuambia kama itakufaa.

LineageOS inatengenezwa na watu wanaojitolea tangu mwisho wa 2016, ulipofungwa mradi uliokuwa unaitwa CyanogenMod. Wanachukua Android mpya wanaishona upya ikae kwenye simu ambazo kiwanda kimeshaziacha. Ni kama fundi anayepunguza gauni la mitumba likamkaa mtu mwingine. Lakini gauni hilo limekatwa kwa simu ile tu, ukililazimisha kwenye nyingine halivaliki. Hapo ndipo niliposhindwa mimi.

Niliogopa kuigusa S10, si unajua, ndiyo duka. Nikaona ninunue simu nyingine ya kujaribia. Nikasoma kwamba Pixel za Google zinakubali vizuri LineageOS, na kuna mfumo mwingine wa watu wanaojali usalama sana, GrapheneOS, ambao umetengenezewa Pixel. Nikaenda Kariakoo, nikapata Pixel safi used kutoka Marekani.

"Kaka, hii imefunguliwa?"

"Imefunguliwa dada, haina lock yoyote. Lete laini yako tujaribu."

Akaweka laini, nikapiga, ikaita. Nikalipa, nikapanda daladala na furaha zangu.

Nyumbani dogo akaingia Mipangilio, Kuhusu simu, akagonga nambari ya muundo mara 7 mpaka ikatokea menyu ya wasanidi programu. Humo kuna swichi ya kufungua OEM. Ikawa ya kijivu, unabonyeza haisogei. Tukaiunga Wi-Fi usiku kucha, maana wakati mwingine inasubiri intaneti kwanza. Asubuhi ni kijivu vilevile. "Dada, hii ilitolewa na kampuni ya simu ya kule Marekani, wakaifunga. Hii haifunguki."

Kumbe makufuli ni mawili. La kwanza ni la laini, linalozuia simu isikubali mtandao mwingine. Hilo muuzaji alikuwa sahihi, limefunguliwa. La pili ni la mfumo. Kuna kiprogramu kidogo, wanakiita butiloda, ndicho kinachoamka kwanza ukiwasha simu na kuamua mfumo gani uruhusiwe kuwaka. Kufuli la laini linaweza kutoka na hili likabaki palepale, na likishabanwa na kampuni iliyotoa simu, mbele yako hakuna njia ya halali. Nilirudi dukani. Kaka akaniuliza, "Si nilikwambia laini inakubali? Inakubali haikubali?" Nikakosa jibu, kwa sababu hakunidanganya. Mimi ndiye niliyeuliza swali bovu.

Kwa hiyo siku hizi siulizi "imefunguliwa?" Naangalia mwenyewe palepale kaunta. Kwanza namba kamili ya modeli, si jina la simu. S10 yangu ni SM-G973F, ile ya kimataifa, na ipo kwenye orodha rasmi ya LineageOS. S10 ya Marekani ni SM-G973U. Kwa macho ni pacha, kasha moja, kioo kimoja, lakini ndani chipu ni nyingine na kufuli la mfumo halifunguki. Herufi moja tu hiyo mwishoni. Natafuta namba hiyo kwenye orodha ya LineageOS kabla sijauliza bei. Halafu naiunga simu kwenye hotspot yangu na kugonga ile nambari ya muundo mara 7 mbele ya muuzaji. Akikataa nisifanye hivyo, namshukuru naondoka. Ukiona Xiaomi, jua pia kwamba kufuli lao unaliombea ruhusa kwao na unasubishwa siku kadhaa, kwa hiyo mbele ya kaunta huwezi kumaliza kujua.

Najua wengi wenu mnatumia Tecno, Infinix au itel. Mpaka naandika hapa sijakuta hata moja kwenye orodha rasmi ya LineageOS. Kuna watu mitandaoni wanagawa mafaili "ya LineageOS" ya simu hizo. Mimi siwezi kuingiza faili la mtu nisiyemjua kwenye simu yenye namba za wateja wangu, na wewe usiingize. Bora ufanye hivi: acha mfumo ulivyo, halafu ingiza programu huria juu yake. Duka lake linaitwa F-Droid, linaingia kwenye Android yoyote. Humo kuna LocalSend, ambayo inahamisha picha kati ya simu na tableti kwa hotspot bila kula bando, na KeePassDX ya kutunzia nywila. Hizo hazikuombi ufungue kufuli lolote.

Sasa turudi kwa S10. Baada ya kuliwa kwenye Pixel nikapata ujasiri, nikasema tugeuze hiyohiyo. Na hapa ndipo nataka usome taratibu.

Kufungua kufuli la mfumo kunafuta kila kitu kwenye simu. Si baadhi, ni kila kitu. Nilijua, nikajiandaa. WhatsApp Business nikaihifadhi Google Drive, picha zote zaidi ya elfu moja tukazivuta kwa waya kwenye kompyuta ya dogo. Akaniuliza mara mbili, "Dada, umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza.

Nilisahau Secure Folder. Ile folda ya siri ya Samsung, ndimo nilimokuwa naweka orodha ya wanaodunduliza, ili watoto wasichezee. Ukiunga waya kwenye kompyuta folda hiyo haionekani, na simu ikishafutwa hairudi. Zaidi ya hapo, Samsung ukishafungua kufuli na kuingiza mfumo usio wao kuna alama inaungua ndani kabisa ya simu, na kuanzia hapo Secure Folder haifanyi kazi tena hata ukirudisha mfumo wa kiwanda. Wateja 14 walikuwa wamenilipa kidogo kidogo, na mimi sina hata mstari mmoja. SMS zangu nazo zilikuwa zimeenda na maji. Nikaanza kuwaandikia mmoja mmoja, "Mpenzi, naomba unikumbushe umeshalipa ngapi?" Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza. Wengi walinitumia SMS zao za M-Pesa, Mungu awabariki. Wawili hesabu zetu zilipishana na kumbukumbu yangu, nikakubali za kwao. Sasa hivi orodha ipo kwenye daftari la kaunta, kwa kalamu.

Kazi yenyewe ilichukua jioni moja. Andaa kompyuta, waya wa USB unaopitisha data (mingi ya mtaani inachaji tu), na bando, maana faili la mfumo peke yake linapita GB 1. Jambo ambalo dogo alinisaidia kulikwepa: LineageOS haiji na Google. Ukitaka Play Store, kile kifurushi cha Google kinaingizwa palepale baada ya mfumo, kabla hujaiwasha simu mara ya kwanza. Ukiiwasha kwanza ndiyo ukumbuke Google, unafuta unaanza upya.

Ikawaka. Android 15 kwenye simu ya 2019. Nyepesi, programu za kiwandani zimekwenda, masasisho yanaingia. WhatsApp Business ikarudi na meseji zake, Instagram ikaingia. Chai sasa nakunywa kwa raha zangu.

Mawili yakanikuta ndani ya wiki. La kwanza ni kamera. Ujanja wa kamera ya Samsung ulikuwa kwenye programu ya Samsung, na hiyo ilibaki kwenye mfumo wa zamani. Picha zinatoka, ila rangi haziko kama nilivyozoea. Nikapost gauni la maruni, mteja akapokea akaniambia, "Dada mimi nimeagiza jekundu." Kwa sisi wa nguo hilo ni gharama ya bodaboda kwenda na kurudi. La pili ni benki. Programu ya benki yangu ikafunguka, ikasema simu hii haiaminiki, ikajifunga. Zipo zinazokubali, zipo zinazokataa, na ile inayokubali leo inaweza kusasishwa kesho ikakataa, kwa sababu zinaiuliza Google kama mfumo wa simu umeidhinishwa, na LineageOS haimo kwenye walioidhinishwa. M-Pesa kwa *150*00# haikusumbua hata kidogo, kwa kuwa hiyo inapita kwenye mtandao wa simu, haijali una mfumo gani.

Ndiyo maana nikiulizwa "niweke?" namuuliza mtu kwanza: una simu ngapi? Kama ni moja na pesa inapita kwenye programu ya benki, usiweke. Geuza ya pili. Mimi laini ya pesa na benki vimehamia kwenye simu ndogo ya kawaida ambayo haijaguswa. S10 ni ya kuchati na kupost. Na ile Pixel iliyonitia hasira? Kamera yake ya Google ni tamu ajabu, ndiyo inapiga picha zote za mzigo. Maruni inatoka maruni. Kazi niliyoinunulia haikuifanya.

Tableti nazo wengi mmeuliza. Kwa kuonyeshea mteja mzigo mezani, au kumkabidhi msaidizi ajibu meseji, tableti ya zamani yenye mfumo huria ndipo mahali pake hasa, kwa sababu haina benki wala haipigi picha za kuuzia. WhatsApp Business inaruhusu vifaa 4 viunganishwe na simu moja, kwa hiyo msaidizi anajibu bila kushika simu yako. Ninayoitafuta ni Galaxy Tab A7 ya 2020. Ya Wi-Fi tu ni SM-T500, ya laini ni SM-T505, na zote mbili zipo kwenye orodha. Angalieni msichanganye na A7 Lite, hiyo ni tableti nyingine kabisa. Programu za Samsung hapo hazina cha kunipotezea, na kioo cha inchi 10 mteja anaona mshono.

Mwenye SM-T500 used ya kuuza aje inbox. Aje na picha ya ukurasa wa Kuhusu tableti, namba ya modeli isomeke, na nikifika niruhusiwe kugonga mara 7.