Anayekuja kujitolea Dodoma asiogope mbu pekee

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

VIJANA wa kigeni wanaokuja nchini kujitolea katika shule, zahanati na miradi ya maji hufika na dawa za malaria na chandarua mpya. Hilo ni jema. Hata hivyo, anayepangiwa Dodoma, Kongwa au Chemba anakuja kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, wenye msimu mmoja tu wa mvua kati ya Desemba na Aprili. Hapa malaria ni haba kuliko pwani au kandokando ya Ziwa Victoria. Hatari inayomnyemelea mgeni huyu mara nyingi imo katika bakuli analokaribishwa na katika pikipiki anayopanda.

Tuanze na bakuli. Mgeni akifika katika kaya ya Kigogo na kuamkia "Mbukwenyi", hakosi kukaribishwa, na huenda akapewa maziwa yaliyokamuliwa asubuhi hiyo. Kukataa huonekana kama dharau, hivyo wengi hunywa kwa kuona haya. Maziwa mabichi yaweza kubeba vimelea vya brusela, ambavyo huleta homa ya kupanda na kushuka kwa majuma kadhaa, na mara nyingi mgonjwa hutibiwa malaria asiyokuwa nayo.

Mkoa huu una kumbukumbu chungu zaidi. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2006 ziliangua mayai ya mbu yaliyokuwa yamelala ardhini, na mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa ikaua watu zaidi ya 100 nchini, Dodoma ikiumia kuliko mikoa mingine yote. Binadamu huambukizwa kwa kuumwa na mbu, lakini pia kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa au kunywa maziwa yasiyochemshwa. Kwa hiyo mgeni asisaidie kuchinja wala kuchuna mnyama aliyekuwa anaumwa, hata kama mwaliko umetolewa kwa moyo mweupe. Kuhusu maziwa, aseme tu: "Shikamoo mama, naomba yachemke kwanza, tumbo langu bado geni." Sidhani kama yupo mama wa Kigogo atakayeudhika kwa hilo.

Sumukuvu nayo haionekani kirahisi. Mwaka 2016 sumu hiyo ya ukungu wa mahindi na karanga iliwaugua watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, 20 kati yao wakafariki. Kupika hakuiondoi. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ukungu zitupwe, wala zisipelekwe kwenye pombe ya kienyeji kwa kuona uchungu wa hasara. Mgeni hula miezi michache kisha akaenda zake. Mwenyeji hula mwaka mzima. Taasisi inayotaka kumlinda mjitoleaji wake haina budi kukagua ghala la familia inayompokea, na hapo itakuwa imewalinda wote.

Malaria isipuuzwe kwa sababu ni haba. Kosa linalojirudia ni hili: kijana anaona mbu hawapo, anaacha dawa za kinga, kisha likizo anakwenda Mwanza au Kigoma. Homa humwanza juma moja au zaidi baada ya kurudi, naye hudhani ni uchovu wa safari. Apimwe siku hiyo hiyo. Aidha, baadhi ya dawa za kinga huendelea kumezwa kwa wiki 4 baada ya kutoka kwenye eneo la hatari.

Kuhusu barabara, takwimu hazina huruma. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupokea wajitoleaji wa Peace Corps ya Marekani, mwaka 1961. Katika miongo minne ya kwanza ya shirika hilo duniani, ajali za vyombo vya moto ndizo zilizoongoza kuua wajitoleaji wake, na ndiyo maana katika nchi nyingi limewazuia kupanda pikipiki. Wa mashirika madogo hawana katazo hilo. Hupakiwa wawili kwenye bodaboda bila kofia, jua limeshazama. Kwa safari ya Dar es Salaam, treni ya umeme inafika Dodoma tangu Julai 2024, hivyo hakuna sababu ya kukimbizana na malori ya usiku.

Kabla ya mgeni kutua, mwenyeji aandike mambo matatu na kuyabandika ukutani: namba ya bima na iwapo inalipia kusafirishwa kwa ndege, hospitali atakayopelekwa, iwe ya rufaa ya mkoa au ya Benjamin Mkapa, na jina la mtu mwenye gari kijijini atakayekubali kuamshwa saa nane usiku. Hilo la tatu ndilo husahaulika, na mafuta yake yalipiwe mapema.