Swali la Msingi na Swali la Nyongeza: Lugha ya Kuiwajibisha Serikali Bungeni

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Bungeni, mbunge aulizaye mara nyingi huwa tayari analijua jibu. Huuliza ili serikali itamke hadharani, na tamko lake lihifadhiwe katika taarifa rasmi za Bunge. Kupitia swali hilo, mwanakijiji asiye na maji wala zahanati humfikia waziri kwa kinywa cha mwakilishi wake.

Nchini Tanzania, ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge uwezo wa kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Swali la msingi huwasilishwa mapema kwa maandishi, na jibu lake huandaliwa wizarani. Likishasomwa, mbunge huruhusiwa kuuliza maswali ya nyongeza. Hapo ndipo penye mtihani, kwa kuwa waziri hana karatasi ya kusoma.

Nguvu ya swali hutegemea muundo wake. Mbunge akiuliza, "Je, Serikali ina mpango gani wa kujenga zahanati?" humfungulia waziri mlango wa kutorokea. Jibu la mazoea ni kwamba serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo, na zahanati itajengwa kadiri fedha zitakapopatikana. Sarufi ya jibu hilo yastahili kuchunguzwa. Katika "itajengwa", kauli ya kutendwa humficha mjenzi. Katika "zitakapopatikana", fedha huonekana kana kwamba hujileta zenyewe, na kirejeshi -po- huashiria wakati pasi na kuutaja. Jibu limetolewa, lakini hakuna aliyeahidi lolote.

Swali la nyongeza lililoundwa vyema huufunga mlango huo: "Ni kiasi gani kimetengwa katika bajeti ya mwaka huu, na ujenzi utaanza mwezi gani?" Viulizi "kiasi gani" na "mwezi gani" hudai tarakimu na tarehe. Waziri akikwepa, ukwepaji wake huonekana na wote. Akijibu, ahadi yake yaweza kukumbushwa mwaka unaofuata.

Nchini Kenya, utaratibu umebadilika. Kabla ya Katiba ya mwaka 2010, mawaziri walikuwa wabunge na walijibu maswali ukumbini. Ibara ya 152 iliwatoa Bungeni, na ibara ya 153 ikawataka wafike mbele ya kamati kila wanapohitajika. Mwaka 2023 walianza kujibu maswali tena mbele ya kikao kizima. Aidha, ibara ya 120 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Hata hivyo, Kiingereza ndicho kingali kikitawala mijadala. Mkulima anayesikiliza redio huweza kusikia kwamba wilaya au kaunti yake imetajwa, asijue iwapo waziri amejibu au amekwepa.

Kwa hiyo, matumizi ya Kiswahili katika maswali ya Bunge ni suala la uwajibikaji, si la heshima ya lugha pekee. Mwananchi hawezi kudai ahadi ambayo hakuielewa ilipotolewa.