Majitaka yanasafishwa, mbona ziwa bado ni kijani?

Ukifika Dunga asubuhi ambapo upepo umelisukuma gugumaji hadi ufuoni, utakuta mashua zimekwama na wavuvi wakitafuta njia kwa upondo. Wiki inayofuata gugumaji limehamia upande mwingine wa ghuba, na maji yaliyobaki yana rangi ya kijani kama yaliyomwagiwa rangi ya nyumba. Wakaazi wakiambiwa kwamba mji wa Kisumu una mitambo ya kusafisha majitaka, ule wa Kisat na mabwawa ya Nyalenda, huuliza swali moja: kama majitaka yanasafishwa, ziwa linaharibiwa na nini?

Ni swali la haki, na jibu lake halipendezi sana. Mtambo wa kawaida wa majitaka hujengwa ili kuondoa uchafu. Haujengwi ili kuondoa mbolea. Unaweza kufanya kazi yake vizuri kabisa, ukatoa maji meupe yasiyonuka, na maji hayohayo yakaenda kulisha gugumaji.

Mbolea hiyo inatoka kwetu. Kwa mwaka, mtu mzima hutoa takriban kilo 4 za nitrojeni na nusu kilo ya fosforasi, na sehemu kubwa ya hizo iko kwenye mkojo. Mkulima wa Muhoroni au Nyando hahitaji kuelezwa hivyo ni vitu gani, kwa sababu hununua kwa pesa zake: fosforasi na nitrojeni ziko kwenye gunia la DAP wakati wa kupanda, na nitrojeni iko kwenye CAN wakati wa kuweka mbolea ya juu. Shambani tunaita rutuba. Ikifika ziwani inafanya kazi ileile ya kuotesha, ila hakuna aliyepanda wala atakayevuna. Kilo moja tu ya fosforasi inaweza kulisha mamia ya kilo za mwani mbichi. Zidisha nusu kilo kwa idadi ya watu wa mtaa mmoja, kisha kwa mji mzima.

Sasa tuingie ndani ya mtambo. Majitaka yakifika hupitia kwanza kwenye vyuma vya kunasa matambara, chupa na mifuko, kisha mchanga huachwa utulie. Baadaye hupita kwenye matangi makubwa ambamo uchafu mzito huzama. Katika mtambo wa mtindo wa Kisat, ambao ulijengwa kabla ya uhuru, maji hayo hunyunyizwa juu ya mawe. Mawe yenyewe hayachuji chochote. Kazi inafanywa na utando wa bakteria ulioota juu yake, ambao hula uchafu maji yanapoteremka. Mwishoni maji hutulizwa tena na kutolewa. Nyalenda hakuna mawe wala mashine nyingi. Maji hukaa kwenye mabwawa kwa siku kadhaa, na jua, upepo na bakteria hufanya kazi hiyo polepole.

Njia zote mbili zina shabaha moja, nayo ni kupunguza uchafu unaooza. Ukimwagwa mtoni, uchafu huo hufyonza oksijeni yote na samaki hufa. Kipimo chake huitwa BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho uchafu ungetumia ukioza majini, na Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayorudishwa kwenye mazingira. Hicho ndicho kipimo kinachotajwa zaidi watu wakiuliza kama mtambo unafanya kazi. Lakini nitrojeni na fosforasi zimeyeyuka majini kama chumvi kwenye supu. Huzioni, hazinuki, hazizami kwenye tangi. Bakteria huchukua kidogo kujengea miili yao na sehemu kubwa inayobaki hutoka na maji.

Kwingine huenda madhara yasingeonekana haraka. Hapa yanaonekana, kwa sababu ya umbo la ghuba yetu. Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha mita 40, ilhali Ghuba ya Winam ina wastani wa kama mita 6 au 7 tu, na imeungana na ziwa kuu kupitia mkondo mwembamba upande wa Rusinga. Kinachoingia kwenye ghuba hakina haraka ya kutoka. Maji ni ya vuguvugu mwaka mzima na jua halikosi. Gugumaji, mmea uliotoka Amerika Kusini na kuonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, hauna zaidi ya kutaka. Ukiwa na chakula cha kutosha unaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Tumeung'oa kwa mikono, tumeleta mashine, na kuanzia 1997 wadudu wanaokula majani yake waliachiliwa ziwani na wakasaidia sana. Mmea ulirudi, kwa kuwa chakula chake kilikuwa bado kipo.

Mwani ndio unaopaswa kututia wasiwasi zaidi, ingawa haufungi njia ya mashua. Mwani ukifa huzama na kuoza, na kuoza kunakula oksijeni. Usiku hali huwa mbaya zaidi kwa sababu hata mwani ulio hai hupumua oksijeni wakati hakuna jua, ndiyo maana samaki wengi hufa kabla ya alfajiri. Wafugaji wa samaki wa vizimba waliopata hasara mwishoni mwa mwaka 2022 wanajua jinsi oksijeni ikishuka kazi ya miezi inavyopotea kwa siku chache. Tena, baadhi ya aina za mwani huu wa kijani-buluu hutoa sumu inayodhuru ini. Hapa naomba msomaji asome taratibu: kuchemsha maji hakuiondoi sumu hiyo. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na tuendelee kuchemsha, lakini maji yenye utando wa kijani yasichotwe kwa kunywa, watoto wasiogelee humo, na ng'ombe wanyweshwe mahali pengine. Mji wenyewe unachota sehemu ya maji yake ya kunywa katika ghuba hii, kwenye mtambo wa Dunga. Kadiri mwani unavyozidi ndivyo kuyasafisha kunavyokuwa kugumu na ghali.

Kuboresha mtambo ili uondoe virutubisho hivi kuna maana gani, basi? Nitrojeni na fosforasi haziondolewi kwa njia moja.

Nitrojeni inaweza kurudishwa hewani ilikotoka. Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78. Kazi inafanywa na vikundi viwili vya bakteria visivyopenda mazingira yanayofanana. Kundi la kwanza linahitaji hewa nyingi na hugeuza amonia kuwa naitreti. Kundi la pili hufanya kazi mahali pasipo na hewa: likikosa oksijeni ya kupumua, huinyang'anya naitreti oksijeni yake, na nitrojeni iliyobaki hupanda kama gesi isiyo na madhara. Kwa hiyo tangi hugawanywa vyumba, kimoja kikipulizwa hewa na kingine kikikorogwa polepole bila hewa, na pampu hurudisha maji kutoka kimoja hadi kingine tena na tena.

Fosforasi haina njia ya angani. Ni lazima itoke mtamboni ikiwa kitu kigumu. Unaweza kutia chumvi za chuma au shabu, ileile inayotumika kuangusha tope katika maji ya kunywa, fosforasi ikagandamana na kuzama. Hiyo ni njia ya haraka, lakini dawa inanunuliwa kila mwezi na tope linaongezeka. Njia ya pili ni kutumia bakteria wenye tabia ya uchoyo. Ukiwaweka kwanza mahali pasipo na hewa kabisa, huitoa fosforasi waliyokuwa nayo. Ukiwapeleka kwenye hewa, huirudisha kwa pupa, wakijaza kuliko walivyohitaji. Hapo ndipo unapowatoa pamoja na tope. Ukiwachelewesha kwenye tangi lisilo na hewa, huitapika yote tena na kazi imekuwa bure.

Njia hii haikutoka mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi James Barnard aliifanyia majaribio kwenye mtambo wa Daspoort mjini Pretoria, Afrika Kusini, akaonyesha kwamba nitrojeni na fosforasi zinaweza kuondolewa kwa bakteria pekee. Leo mbinu zilizotokana na kazi yake zinatumika duniani kote. Mwaka 1980 nchi hiyo iliweka kikomo cha miligramu 1 ya fosfeti kwa lita kwa mitambo iliyo kwenye maeneo nyeti.

Ningependa kuishia hapo, lakini si mbali na Pretoria kuna bwawa la Hartbeespoort, linalopokea maji yaliyopitia mitambo ya majitaka ya upande wa Johannesburg, na bwawa hilo limejaa mwani na gugumaji hadi sasa. Maarifa yalikuwepo, na sheria pia. Lakini mitambo inayolemewa na majitaka kuliko uwezo wake, au inayoharibika bila kutengenezwa, haizuii kitu. Bakteria hawa wanahitaji hewa saa 24. Mashine za kupuliza hewa peke yake kwa kawaida hula karibu nusu ya umeme wote wa mtambo, na umeme ukikatika kwa muda mrefu bakteria hufa na huchukua siku nyingi au hata wiki kadhaa kurudi. Kukata utepe ni kazi ya siku moja. Bili ya umeme, vipuri na mshahara wa fundi wa maabara ni ya kila mwezi kwa miaka yote.

Ndiyo maana mabwawa yasidharauliwe. Yanahitaji ardhi kubwa na hayaondoi fosforasi kwa kiwango cha mtambo wa kisasa, lakini hayasimami kwa kukatika kwa umeme. Yakijaa tope ndipo hushindwa, kwa sababu maji hupita juu haraka bila kukaa siku zinazotakiwa, na kutoa tope hilo ni kazi isiyo na sherehe ambayo ni rahisi kuiahirisha. Mafunjo ya kinamasi cha Dunga nayo hunyonya sehemu ya virutubisho kabla havijafika ziwani. Kila kipande cha kinamasi kinachokatwa na kujazwa udongo ni sehemu ya mtambo tunayoibomoa wenyewe.

Je, tukiboresha mitambo ziwa litapona? Kwa sehemu, na si mara moja. Mito Nyando, Sondu na Kibos huleta udongo wenye mbolea kutoka mashambani. Nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la majitaka, na kinachotoka kwenye vyoo vya shimo karibu na mitaro hakipiti mtambo wowote. Matope ya chini ya ghuba yamehifadhi fosforasi ya miaka mingi na yataendelea kuiachilia. Mjini Seattle, Marekani, majitaka yalipozuiwa kuingia Ziwa Washington kati ya 1963 na 1968, maji ambayo jicho lilipenya mita 1 tu yalifikia zaidi ya mita 3 katika miaka michache. Lakini ziwa lile ni la kina kirefu, na majitaka ndiyo yaliyokuwa tatizo lake kuu. Letu lina matatizo kadhaa. Kilicho tofauti kuhusu majitaka ya bomba ni kwamba yote hupita mahali pamoja, hivyo yanaweza kupimwa na kuzuiwa, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa maelfu ya mashamba kwa siku moja.

Huduma za maji na majitaka ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba, na mwananchi ana nafasi ya kusema kabla pesa hazijapangwa. Mpango wa Maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Vikao vya ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti huwa wazi kwa kila mkaazi. Mradi wa majitaka ukitajwa, usiulize gharama ya ujenzi peke yake. Uliza kama mtambo utapimwa nitrojeni na fosforasi au BOD tu, nani atalipa umeme wake mwaka wa tano, na tope litapelekwa wapi.

Kwa sasa, mafuta ya kukaangia yasimwagwe kwenye sinki, kwa kuwa huganda na kuziba bomba. Maji ya mvua ya paa yasielekezwe kwenye bomba la majitaka, maana mvua kubwa ikinyesha husukuma bakteria nje ya mtambo kabla hawajamaliza kazi. Na ukiona kifuniko cha shimo la majitaka kimeibwa au bomba limepasuka mtaani, ripoti siku hiyohiyo kwa kampuni ya maji au kwa ofisi ya wadi yako. Majitaka yanayomwagika barabarani hufika ziwani bila kupita Kisat wala Nyalenda.